Mtoto amebadilika: uanzie nyumbani, shuleni, simu 116, kwa mwanasaikolojia au hospitali?

Binti wa kidato cha pili aliyezoea kuimba akiosha vyombo sasa anaosha kimya, anajilaza saa moja jioni, na asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kijana wa miaka 15 anafoka kwa neno dogo, na ule mpira uliokuwa ukimgombanisha na mama yake kila jioni ameuacha. Mzazi wa Dar es Salaam akishaona hayo hujiuliza ampeleke wapi. Milango ipo mingi kuliko watu wanavyodhani, ila haifanyi kazi moja, na ukibisha mlango usiohusika unapoteza wiki ambazo mtoto hana za kupoteza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya vijana 7 wenye miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 70 lina kama 10. Basi asikudanganye mtu kwamba hii ni aibu ya nyumba yako peke yake.

Kabla ya kuchagua, pima mambo matatu. La kwanza ni hatari: je, ametamka au kuandika kwamba anataka kufa, amejikata, anasikia sauti zisizokuwepo, amekataa kula kabisa? La pili ni muda: je, hali hii imefika wiki mbili, siku nyingi zikiwa mbaya kuliko nzuri? La tatu wazazi wengi huliruka: je, kinachomuumiza kinaweza kuwa ndani ya mlango huo huo unaotaka kumpeleka? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na wafanyaji wengi ni watu wanaojulikana na mtoto. Anayeumizwa na mjomba hatafungua mdomo kwenye kikao cha ukoo, na anayeguswa na mwalimu hatamweleza mwalimu mwenzake.

Usisubiri machozi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa kijana mara nyingi huja kwa sura ya hasira na kununa. Kwa mdogo huja kwa tumbo linalouma kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi, au kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha.

Kukiwa na hatari, usilinganishe chochote

Amekunywa sumu ya panya, dawa ya kuua wadudu au vidonge vingi: hospitali sasa hivi, kwa bajaji, bodaboda au gari la jirani, chochote kitakachofika kwanza. Beba chupa au pakiti aliyoitumia. Usimtapishe wala usimnyweshe maziwa au mafuta. Parasetamoli ndiyo inayowadanganya watu wengi: mtoto aliyemeza vidonge vingi anaweza kuonekana mzima siku nzima ya kwanza huku ini likiharibika taratibu, na dawa ya kuizuia hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Kwa hiyo neno “lakini anaongea vizuri” lisikucheleweshe. Amana, Mwananyamala, Temeke na Muhimbili zote zina huduma ya dharura.

Amebakwa au kulawitiwa: hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazianzwi baada ya hapo, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Usimwogeshe. Nguo alizokuwa amevaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye mfuko wa plastiki unyevu huharibu ushahidi. Uliza kama hospitali ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja, ili mtoto asirudie kisa chake madirisha manne.

Ikiwa ametamka tu kwamba hataki kuishi, muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua? Umeshafikiria utafanyaje?” Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunamtua mzigo wa kulibeba peke yake. Usimwache peke yake usiku huo, fungia dawa na sumu zote, na asubuhi muwe hospitali.

Wewe mzazi, au shangazi?

Mlango wa nyumbani hauna nauli wala foleni, na kwa huzuni iliyoanza juzi, baada ya matokeo mabaya au kuachwa na rafiki, mara nyingi unatosha. Una ubora ambao milango mingine haina: nyumbani pekee ndiko usingizi unakorekebishwa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Mwanafunzi wa Mbagala au Kimara anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la shule, akaenda tuisheni jioni, akalala saa tano usiku, anapata saa tano na nusu. Hakuna mtaalamu atakayemtibu huyo kwa maneno. Kwa wiki mbili punguza tuisheni, simu yake ilale chumbani kwako, na yeye awe kitandani saa tatu usiku. Wengine hurudi sawasawa kwa hilo tu, na asiyerudi ameshakupa taarifa ya maana ya kwenda nayo mbele.

Mazungumzo nayo yana mahali pake. Familia inayoishi chumba kimoja na sebule haina pa kumwita mtoto “njoo tuongee”, na hata ingekuwa na ghorofa, mwito huo humfanya ajione mshitakiwa. Mchukue mwende gengeni, au menyeni viazi pamoja, macho yote yakiwa kwenye kisu.

“Naona siku hizi unaamka usiku. Unakaa tu ukingoni mwa kitanda.”

“Nimechoka tu, mama.”

“Umechoka mwili au umechoka moyo?”

Hapo nyamaza. Endelea kumenya. Hesabu kimoyomoyo hadi thelathini kama ni lazima, maana jibu lenyewe huja baada ya ule ukimya wa kwanza ambao wazazi wengi huuvunja kwa nasaha. Kinachoharibu kinajulikana: “mbona una kila kitu”, “mwenzio wa nyumba ya pili kapata divisheni wani”, “sisi tulitembea kilomita kumi”. Baya kuliko yote ni kumnyang'anya simu kwa sababu ya alichokueleza. Ukifanya hivyo mara moja, hatakueleza la pili.

Pwani hii tangu zamani ilijua kwamba kuna maneno mtoto hamwambii mzazi wake. Ndiyo maana binti alikuwa na somo au kungwi, na kijana alikuwa na babu wa kutaniana naye. Shangazi, mama mdogo au binamu mkubwa anaweza kuushika ujumbe ambao wewe, uliye mwenye ada na mwenye fimbo, hutaupata. Achague yeye, mtoto, si wewe: “Kati ya watu wetu, nani ukiongea naye unajisikia mwepesi?” Udhaifu wa mlango huu ni siri. Ukimtuma shangazi, kubaliana naye tangu mwanzo kwamba atakuletea la hatari tu, mengine yabaki kwake. Shangazi anayepeleka kila neno kwenye kundi la familia la WhatsApp ni mlango uliofungwa milele.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, toka nje ya nyumba. Kusubiri zaidi ya hapo hakumsaidii mtoto. Kunamkinga mzazi tu asiulizwe maswali.

Mwalimu wa unasihi au simu 116?

Hawa wawili hulinganishwa kwa sababu wote ni bure na wote humfikia mtoto bila mzazi kutangulia.

Mwalimu wa malezi na unasihi ana faida ya kumwona mtoto kila siku. Anajua nani ameacha kula na wenzake mapumziko, nani ameshuka ghafla kutoka nafasi ya 8 hadi ya 41, nani anaonewa chooni. Tatizo likiwa la shule, kama uonevu, hofu ya mtihani wa taifa, au kurudishwa nyumbani kwa michango, yeye ana mkono wa kulishughulikia: kumhamisha mkondo, kuongea na mwalimu wa somo, kumpunguzia zamu. Mwanasaikolojia wa mjini hawezi hayo.

Lakini tazama mazingira yake. Shule nyingi za serikali hazina chumba cha unasihi. Meza yake ipo katikati ya ofisi ya walimu, mwenzake anasahihisha madaftari pembeni, mwingine anakunywa chai, na mtoto ameitwa mstarini mbele ya shule nzima: “Fulani, baada ya mstari uje kuniona.” Kabla hajafika mlangoni darasa zima limeshajua. Juu ya hapo, mwalimu huyo ana vipindi vyake, na pengine ndiye anayeadhibu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne na achape mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Pale zisipofuatwa, mkono uliochapa asubuhi hauwezi kupokea siri mchana. Ukiamua kuutumia mlango huu, nenda mwenyewe kwanza, omba mkutane muda usio wa mapumziko, na omba mtoto aitwe kwa kisingizio cha kawaida, kama kubeba madaftari.

Simu 116 ni laini ya taifa ya huduma kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema, na kupiga ni bure. Ubora wake ni kwamba anayepokea hamjui mtoto, na mtoto hamjui yeye. Kwa anayeumizwa ndani ya nyumba au na mwalimu, huu ndio mlango usiopita kwa anayemuumiza. Mzazi naye anaweza kupiga kuuliza hatua za kuchukua, na mpokeaji anaweza kuunganisha kesi na ustawi wa jamii au polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto. Upungufu wake ni huo huo ubora ukigeuzwa: sauti ya simu haimwoni mtoto akikonda, wala haina jioni kumi na mbili za kukaa naye. Ni mlango wa kuanzia na wa kuokolea, hautoshi kuwa tiba.

Kwa hofu ya mtihani tungeanza kwa mwalimu. Kwa ukatili wa aina yoyote tungeanza na 116, na mwalimu ajulishwe baadaye, kama hahusiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, kwa hiyo jirani anayepiga si mbeya.

Mwanasaikolojia binafsi au kliniki ya hospitali?

Huu ndio ulinganisho unaowachanganya wengi, na makosa yake yanagharimu fedha.

Mwanasaikolojia hatibu kwa vidonge. Anatibu kwa mazungumzo yenye mpangilio, na kwa watoto wa chini ya miaka 10 hivi, kwa michezo na michoro, kwa sababu mtoto wa miaka 7 hana maneno ya kueleza huzuni lakini atachora nyumba isiyo na mlango. Kwa mdogo zaidi, chini ya miaka 5 au 6, kazi kubwa hufanywa na mzazi akielekezwa. Kikao ni dakika 45 hadi 60, kawaida mara moja kwa wiki, na kwa sonona au wasiwasi wa kawaida huhitajika kama vikao 8 hadi 16. Fanya hesabu hapo. Wazazi hulipia kikao kimoja cha bei kubwa, hawaoni muujiza, wanaacha, na mtoto anabaki na imani kwamba “hata mtaalamu alishindwa”. Chukua bei ya kikao, zidisha kwa 8, ongeza nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na ukiona haiwezekani usianze hapo, anza hospitali.

Muulize kabla ya kulipa: amesoma nini na wapi (Chuo Kikuu cha Muhimbili, kwa mfano, kinafundisha saikolojia tiba ngazi ya uzamili), ameshafanya kazi na watoto wa umri huu, nani anamsimamia, na ikibidi dawa atampeleka kwa daktari gani. Mtaalamu wa kweli hujibu hayo bila kununa. Mhamasishaji wa mitandaoni mwenye sauti nzuri si mwanasaikolojia, na anayeahidi kumponya mtoto kwa kikao kimoja, shukuru, aga, ondoka.

Kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ina kitu ambacho mtaalamu binafsi hana: daktari, muuguzi, mwanasaikolojia, afisa ustawi wa jamii na maabara vikiwa ndani ya uzio mmoja. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Uchovu na kukosa raha kunaweza kuwa upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingoni. “Kupandisha mashetani” darasani kunaweza kuwa kifafa. Vipimo hivyo havifanyiki kwenye ofisi yenye sofa mbili. Gharama nayo kwa kawaida ni ndogo, na mwenye bima aulize kama anahitaji karatasi ya rufaa kutoka kituo cha chini, ili asirudishwe dirishani baada ya kupanga foleni tangu alfajiri.

Bei yake ni muda na faragha. Utakaa benchi moja na watu wazima waliozidiwa, na kijana wako ataogopa kwamba “na mimi nimeonekana chizi”. Mwambie mapema atakayoyaona. Pia unaweza kukutana na daktari tofauti kila ziara. Omba jina la aliyemwona, liandike, na ulizia siku za kliniki yake.

Katika milango yote miwili, kijana wa miaka 12 na kuendelea aonwe peke yake kwa sehemu ya kikao. Ukitolewa nje usikasirike. Uliza tu mipaka ya siri: mtaalamu mzuri atasema mbele yenu wote kwamba yanayozungumzwa yatabaki humo, isipokuwa kukiwa na hatari ya kujiua, kumdhuru mtu, au mtoto kudhulumiwa.

Kuhusu dawa: zina nafasi pale sonona ni ya wastani kwenda juu, au mazungumzo peke yake hayajasaidia. Kwa watoto inayotangulia kwa ushahidi ni fluoksetini. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha nafuu, na katika wiki za mwanzo mtoto huangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla hali haijatulia. Akipata nafuu asiache ghafla. Kawaida huendelea miezi 6 au zaidi. Usinunue dawa ya usingizi au amitriptilini duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Amitriptilini ikimezwa nyingi huua kwa kuvuruga moyo, na ndiyo hiyo inayokaa ndani ya droo ya mtoto mwenye mawazo ya kufa.

Hukumu yetu: wasiwasi, huzuni ya msiba, talaka ya wazazi, aibu ya mwili, kama fedha za vikao 8 zipo, mwanasaikolojia. Kusikia sauti, kutolala siku tatu huku ana nguvu za ajabu, kujikata, kuzimia, bangi au pombe, kukonda kupita kiasi, hospitali kwanza hata kama una fedha.

Dua, maombi, na mganga

Shekhe au mchungaji anayemjua mtoto anampa jumuiya na matumaini, na hakuna daktari mwenye busara atakayekuzuia. Vinakwenda pamoja na kliniki. Mstari ni huu: anayekuambia uache dawa, anayemfungia au kumpiga mtoto ili “kitoke”, au anayemnyima chakula, mwondoe mtoto hapo siku hiyo hiyo. Na mtoto anayeanguka akakakamaa, akatoa povu na kujikojolea, apimwe kifafa kwanza.

Bweni, au kwa bibi kijijini

Huu si mlango wa msaada, ila wazazi wengi huuchagua, kwa nia njema: abadilishe mazingira. Ukimhamisha kabla hujajua kinachomuumiza, umemwondoa kwa watu wanaomjua na kumpeleka penye matroni mmoja wa watoto mia na simu za Jumapili. Aliyekuwa akijikata nyumbani atajikata bwenini, na huko hakuna anayeona mikono yake. Uhamisho una maana pale tu chanzo kiko pale alipo, kama mtu anayemdhulumu, na hata hapo aende na mpango wa kliniki mkononi.

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda

Usimdanganye kwamba mnaenda kupima malaria. Atagundua kwenye kibao cha mlango, na mtaalamu ataanza kazi na mtoto aliyesalitiwa. Andika kwenye daftari mistari michache: hali ilianza lini, analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, chakula, shule, dawa anazotumia, nani katika ukoo aliwahi kuugua hivi. Kisha mwambie maneno ya kawaida, mkiwa mmekaa usawa mmoja:

“Mwanangu, kesho tunaenda kumwona mtu anayesaidia watoto waliochoka moyo. Hutachomwa sindano ya kukulaza. Utaongea unachotaka, usichotaka utamwambia bado. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, sitaondoka.”

Na kesho yake usiondoke kwenye hilo benchi, hata kwenda kununua maji.